Treni Iliyosimama Kabla ya Toulon

Mmeniuliza sana. Pale saluni Glenwood, hapa Durban, mmeniuliza, kanisani mmeniuliza, hata yule mama wa Burundi anayeuza mboga za lengalenga kule Sydenham aliushika mfuko wangu akakataa kuuachia mpaka nimsimulie. Kila mmoja nilimjibu kipande, na vipande vyenyewe mmeviunganisha vibaya. Juzi nimesikia eti polisi wa Ufaransa walinifungia ndani ya treni. Hakukuwa na polisi. Naandika yote hapa mara moja, mtumiane kwenye simu, na baada ya hapo naomba mniache.

Habari za visa na tiketi nazipita, mnazijua na hazina utamu wowote. Mjue tu kwamba mama yetu alikuwa Toulon, kusini mwa Ufaransa, nyumbani kwa mdogo wangu Béa. Moyo wake ulikuwa umechoka, maji yalimjaa miguuni, na daktari alikuwa amemrudisha nyumbani kwa sababu hospitali haikuwa na la kufanya tena. Sikuwa nimemwona tangu nilipotoka Lubumbashi, nikiwa kijana asiye na ndevu. Nilitaka jambo moja: nimkute akiwa hai, aniwekee mkono kichwani mimi mtoto wake wa kwanza, aseme maneno yake ya baraka. Kwetu hilo si pambo. Mtu aliyelikosa hutembea na pengo hilo maisha yake yote.

Glenwood hadi Johannesburg

Papy wa duka la simu ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na robot, zile taa za barabarani, zilikuwa zimezimika, kila gari linajipitia lenyewe.

"Eish, yaya Fidèle," alisema, maana kwetu mkubwa huitwa yaya, "leo hata robot ziko namulilia mama yako."

Nilimwambia anyamaze, mama yangu hajafa. Akaomba msamaha, na kwa kuutia msamaha huo nguvu akasimamisha gari kuninunulia bunny chow ya maharage, nusu mkate uliochimbwa ndani ukajazwa mchuzi. "Kule watakupa jibini tu," alisema. Nilikula nikiwa nimeuweka mkate magotini, mchuzi ukanimwagikia kwenye suruali yangu nzuri, ile niliyoitunza nimpigie mama magoti nayo. Doa la binzari nilisafiri nalo bara zima.

Ndege ya Durban ilichelewa kwa ajili ya mvua. Johannesburg nilikimbia ukumbini nikiwa nimeshika mkononi mkanda wa suruali niliouvua kwenye ukaguzi, na kabla tu ya kupanda ndege kubwa nikampigia Béa.

"Yaya, fanya mbio," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Docteur anasema haiko siku mingi. Vraiment, fanya mbio."

Nilimshukuru kwa kunieleza ukweli. Ndani ya ndege sikula wala sikulala. Jirani yangu alitazama filamu za kuchekesha, akicheka peke yake na vile vitu masikioni, na nilimchukia bila sababu.

Paris

Sasa mcheke kidogo, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Nilipotoka uwanjani Paris nikaingia kwenye teksi niende stesheni. Nikaketi mbele karibu na dereva, nikamsalimu, nikatulia. Dereva naye akatulia. Tukatazama kioo cha mbele sote wawili.

"Bwana, tunangoja nini?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Wengine," nilimjibu.

Miaka yote hii ya kupanda taxi za Durban, zile za kujaza watu, imeniingia mwilini kiasi hicho. Nilikuwa nangoja gari lijae, na kichwani nilishapanga nani atanipitishia nauli kutoka nyuma. Yule bwana aliponielewa alinionea huruma, akawasha redio. Njia nzima hakuniuliza tena kitu, ila tulipofika alinishushia mzigo na kuniambia nijitunze.

Ile treni ya mwendo kasi hadi Marseille haina hadithi. Ilikwenda, ikafika. Laiti safari yote ingekuwa hivyo.

Marseille

Wengi wenu mnajua ugonjwa wangu wa treni. Marehemu baba alikuwa dereva wa vichwa vya treni vya umeme kule Katanga, na sebuleni kwetu, tulipokuwa bado Likasi, kulikuwa na picha ya kalenda ya zamani ambayo mama hakuruhusiwa kuitoa. Ilikuwa picha ya kichwa cha treni cha Kifaransa, BB 22200, uso wake umelala kwa mbele halafu unakatika kuingia ndani. Wafaransa wanauita uso huo pua iliyovunjika. Baba alitufundisha habari zake kama wengine wanavyofundishwa katekisimu. Njia za reli za Ufaransa zina umeme wa aina mbili, kusini wa aina moja na kaskazini wa nyingine, na zinachanganyika hapa na pale. Kichwa cha kawaida kikifika mpakani kinabadilishwa. Hiki kinakula umeme wote. Kina mikono miwili juu ya paa, mmoja kwa kila aina ya waya. Kikifika pale umeme unapobadilika, dereva anakata nguvu, anashusha mkono wa kwanza, treni inateleza kwa mwendo wake yenyewe chini ya waya usio na kitu, halafu anapandisha mkono wa pili.

"Pale katikati," baba alikuwa akisema, "hata mashine inaomba Mungu."

Basi, Marseille nilitoka kwenye treni moja kuvuka jukwaa kwenda nyingine, ile ya kuelekea Toulon na Nice, na mbele ya mabehewa ya zamani kilikuwa kimesimama kichwa chenyewe. Pua iliyovunjika, rangi imechakaa, kinanguruma. Nilisimama nikakigusa. Nawaambia kweli, kwa muda huo mfupi nilisahau kwa nini nimekuja. Nilikipiga picha, nikamtumia Béa na kumwandikia: mwonyeshe mama, mwambie ni ile ya kalenda, nakuja nayo.

Katikati ya nyaya mbili

Hatukuwa tumekwenda mbali. Nyumba za Marseille zilikuwa zinapungua, milima ya mawe inaanza. Feni za behewa zikanyamaza na taa zikafifia, nami nikatabasamu, kwa sababu nilijua: umeme umekatwa, tunateleza, sasa hivi utabadilika. Ndipo breki zilipokamata kwa nguvu. Mizigo ilidondoka, mtoto akalia, treni ikasimama.

Taa hazikurudi. Baada ya muda kondakta, mama mmoja mnene aliyekuwa akitokwa jasho, alipita akieleza: tumegonga nguruwe wa porini. Wako wengi huko, wanashuka milimani kula takataka. Nguruwe amekufa, dereva mzima, kichwa cha treni hakikuumia cha maana. Abiria wakauliza, kama hakikuumia, kwa nini hatuendi?

Mimi nilikuwa nimeshachungulia dirishani, nikaona jibu juu. Tulikuwa tumesimama palepale katikati. Waya wa nyuma una umeme wake, wa mbele una umeme wake, na ule uliokuwa juu yetu haukuwa na kitu. Mashine yenye mikono miwili, inayokula umeme wa kila aina, ilikuwa imekaa pale imekosa yote. Ilibidi ingoje kichwa kingine kije kuisukuma, na hicho kingine hakuna aliyejua kiko wapi.

Niliweka uso wangu kwenye mikono. Nilikata tamaa vibaya. Nilitoka Durban, nikavuka bara zima, nikamkaribia mama kiasi cha kusikia harufu ya chumba chake, halafu nguruwe.

Mbele yangu aliketi bibi mmoja aliyejifunga leso nzuri ya maua, na vikapu vitatu miguuni. Nilipokuwa nikinung'unika peke yangu kwa Kiswahili, akainua kichwa.

"Mwanangu, watokea wapi wewe na maneno hayo?"

Alikuwa Mngazija, mwenyeji wa Marseille tangu zamani, lakini amelelewa Unguja. Jina lake Bi Echati. Alikuwa akienda Toulon kwenye harusi ya mjukuu wake, na vikapu vilikuwa vya harusi. Nikamweleza habari ya mama. Akanishika kiganja.

Hapo ndipo simu ikalia. Béa.

"Yaya, uko wapi?"

Nikamwambia treni imesimama, sijui tutatoka lini, nafanya kila niwezalo. Nilitegemea alie.

"Usifanye mbio, yaya," alisema, tena kwa upole. "Mama iko bien. Amekula bouillie yote. Amekaa pa kitanda, iko nakungojea. Kuja pole pole tu, usijiumize."

Na nyuma ya sauti yake nikasikia wanawake wakiimba. Wengi. Nyimbo za kanisa, zile za polepole.

Nikasema sawa. Nikakata simu.

Ninyi mliotoka kwetu mmeshaelewa nilichoelewa. Kwa wasiojua, kwetu mtu aliye njiani haambiwi kifo. Ni ukatili kumwambia, anaweza kuanguka barabarani. Baba alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Shangazi alikuja kunichukua akasema baba ana homa kidogo tu, amekunywa uji, nisiwe na wasiwasi. Nilifika nikakuta viti vimepangwa nje na wanawake wanaimba. Jana Béa alisema fanya mbio. Leo anasema usifanye mbio, amekula uji wote, amekaa. Mtu ambaye daktari amemwacha hapati nafuu ya namna hiyo kwa siku moja. Na wanaimba.

"Mama amekufa," nilimwambia Bi Echati.

Akaniuliza nimeambiwa nini, nikamrudia neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho.

"Hata sisi ndivyo tusemavyo," alisema. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Nikaizima simu kabisa. Sikutaka binamu fulani asiye na adabu anipigie kunipa pole kabla sijafika mlangoni.

Aubagne

Walitushusha kwenye reli, tukatembea juu ya kokoto hadi barabarani, magari yakatupeleka stesheni ndogo ya Aubagne. Nilimbebea Bi Echati vikapu viwili. Pale kulikuwa na basi moja, na watu ni wengi kuliko viti.

Yule kondakta mnene akasimama mlangoni akapaza sauti: hili linakwenda moja kwa moja Toulon, nani ana dharura? Nani ana mgonjwa, ndege, mtihani?

Alinitazama mimi. Nadhani uso wangu ulimwambia kitu. Bi Echati naye alinitazama.

"Hapana," nilisema. "Mimi sina haraka."

Basi likaondoka na kiti changu akakipata bwana mmoja mwenye sanduku la gitaa. Basi la pili, walisema, litakuja, lakini litapita kila kituo.

Msiniulize kwa nini sikwenda hata hivyo. Nimejiuliza vya kutosha. Niliogopa. Mtoto wa kwanza akiingia kwenye matanga ya mama yake haruhusiwi kuanguka. Yeye ndiye anapokea watu, anajibu wazee kwenye simu, anaamua jeneza na kaburi. Nilitaka kulia kwanza mahali ambapo hakuna anayenijua, nikimaliza ninawe uso, niingie nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo nililia pale kwenye benchi la Aubagne, mchana kweupe, watu wakipita na mbwa wao.

Bi Echati angeweza kupanda lile basi la kwanza. Alikataa, akasema harusi ya Kingazija haianzi wala haiishi, hawezi kuikosa hata akitaka. Akafungua kikapu, akatoa mkate wa Kingazija wa nazi na ufuta, uliofungwa kwa kitambaa cheupe, wa harusi kabisa, akaumega.

"Bibi, huo ni wa wageni," nilimwambia.

"Nawe hu mgeni? Kula. Ukiingia kule hutapata kula tena mpaka kesho."

Nikala. Ulikuwa mtamu, na nilikula mwingi. Aliniuliza mama alikuwa mtu gani. Nikamsimulia jinsi alivyoichukia ile kalenda, jinsi alivyokuwa akiigeuza ukutani baba akiwa kazini na kuirudisha akisikia baiskeli. Tulicheka. Nilikuwa nimeanza kumzungumzia mama kama marehemu, kwa raha kabisa, na Bi Echati akamwombea dua.

Basi la pili lilipokuja tulipanda bila kusukumana. Lilipita kila kijiji, hakuna mahali lilipokosa kusimama. Nilikuwa nimetulia. Siwezi kujisamehe jinsi nilivyokuwa nimetulia.

Toulon

Basi lilitushusha mbele ya stesheni ya Toulon. Nikamkabidhi Bi Echati kwa wajukuu zake, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea. Nilipogeuka kutafuta njia, nikaona kwenye jukwaa la karibu, nyuma ya uzio, kichwa cha treni chenye pua iliyovunjika, na chini ya taa zake damu iliyokauka na manyoya ya nguruwe. Kilikuwa kimesukumwa, kikavuka, kikapandisha mkono wake wa pili, kikafika kabla yangu. Hata hapo sikufikiri kitu. Nilijisemea tu kwamba baba angefurahi kukiona.

Béa anakaa ghorofa ya tatu. Kwenye ngazi sikusikia nyimbo. Nikanyoosha shati, nikaingia.

Wale wanawake walikuwepo, wamama wa kwaya ya Kikongo, wamesimama ukutani na mikono midomoni. Béa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Nikamwekea mkono begani, nikamuuliza kwa sauti niliyoiandaa njia nzima, sauti ya mtoto wa kwanza:

"Alikufa lini? Jana?"

Béa akaniangalia kana kwamba hanijui.

"Jana nini? Ni sasa hivi, yaya. Ni sasa hivi tu. Mushike mukono, bado iko moto."

Nikaushika. Ulikuwa na joto.

Mengine nilielezwa kwa vipande, na wale wamama. Asubuhi ile muuguzi alikuwa amemtoa maji mengi mwilini, akapumua vizuri. Aliomba bouillie, akamaliza. Akaomba aketishwe. Alionyeshwa picha niliyotuma, akacheka, akasema, "Ile mashine ilinifuata mpaka huku!" Akaomba kwaya waje wamwimbie wakati ananingoja. Baadaye akachoka, akajua anachoka, akasema mpigieni Fidèle nimwambie maneno yangu hata kwa simu. Wakapiga. Wakapiga tena. Mama mwenyewe aliishika simu sikioni, akawa anangoja ilie upande wangu.

"Sababu gani ulifunga telefone?" Béa aliniuliza tulipobaki wawili.

Ningeweza kusema betri iliisha. Sikuwa na akili ya uongo saa hiyo. Nikamwambia: ulisema nisifanye mbio. Ulisema amekula, amekaa. Nikasikia wanaimba.

Nikaona inamwingia. Yeye naye ni mtoto wa kwetu, yeye naye aliitwa siku ile ya baba akaambiwa ni homa.

"Basi ni mimi," alisema. "Ni mimi njo niliongea vile. Nilisikia uko nalia, nikasema nimutulize. Ni mimi."

Nikamwambia si yeye. Akasema ni yeye. Mbele ya mama yetu, tuligombana kila mmoja akivuta kosa kwake, mpaka mmoja wa wamama wa kwaya akaja akatutenganisha kama watoto.

Tulimzika huko. Maneno yake hakumwachia mtu. Wazee wa Lubumbashi walisema kwenye simu kwamba shangazi anaweza kuniwekea mkono badala yake nikienda siku moja. Niliwashukuru.

Durban

Papy alikuja kunipokea uwanjani. Ndani ya gari nilimuuliza habari za hapa, akasema zote sharp, hakuna shida. Nikamwambia aegeshe pembeni, anitazame machoni, anieleze nani amekufa. Hakukuwa na mtu aliyekufa. Alikasirika kidogo, na ana haki.

Ninyi mnakuja nyumbani mnailaani ile treni. Mmoja wenu, Mama Sifa, alisema Wafaransa wanatuwekea mashine mbovu kwa makusudi. Iacheni. Ilifika.

Béa naye tunaongea kila Jumapili, anaanza yeye au naanza mimi. Ananiambia hali yao, namwambia yangu, na kila mmoja anasikiliza sauti ya mwenzake kuliko maneno. Jana aliniambia watoto wako bien, wamekula, wako nacheza. Nilimwomba awashe kamera anionyeshe mmoja mmoja. Akawasha, hakuniuliza kwa nini.